Mgonjwa wa Hamsini

Duka la vifaa vya ushonaji lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Watu walipitisha vitambaa juu ya vichwa vya wenzao, muuzaji alikuwa juu ya ngazi akirusha chini pakiti za vifungo, na redio ilitangaza mpira ambao hakuna aliyeusikiliza. Katikati ya vurugu hiyo alisimama daktari mmoja mwanamke, mwembamba, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi bila huruma, suruali nyeusi, raba zisizo na sauti. Alikuwa ameshika koni ya mwisho ya uzi mweusi wa nailoni. Upande wa pili wa koni hiyohiyo kulikuwa na mkono mwingine.

Mkono ulikuwa mnene na msafi, na mwenye mkono naye alikuwa mnene na msafi. Alivaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri kiasi kwamba unene wake ulionekana kama kitu alichokiagiza kwa makusudi.

"Dada, uzi huu ni wangu," alisema kwa upole.

"Nimeushika kwanza."

"Umeushika kwanza kwa upande huo. Kwa upande huu nimekutangulia. Unashona nini kwani?"

"Ganda la ndizi."

Mwanamume aliachia koni bila kukusudia. "Samahani?"

"Wiki iliyopita nilishona ngozi ya kuku, ikachanika."

"Kuku alikuwa na shida gani?"

"Hakuwa na shida yoyote. Alishakufa." Daktari aliona kwamba maelezo hayakutosha. "Najifunza upasuaji wa kupunguza unene. Lazima mkono uzoee."

Mwanamume alicheka mpaka akina mama wawili wakageuka. "Jamani! Mimi ni fundi wa suti za watu wanene, na si wengine. Kumbe ndiye wewe unayenimalizia wateja!"

"Una kilo ngapi?" Daktari aliuliza.

Hakuwa na nia mbaya. Alimuuliza hivyo kila mtu, kama wengine wanavyouliza habari za nyumbani.

"Hata jina hujaniuliza, unataka kilo? Haya, kisia."

Alimtazama toka shingoni hadi viatuni. "Mia na thelathini na moja."

Kando ya mlango palikuwa na mizani ya kupimia marobota ya vitambaa. Fundi alipanda juu yake kwa madaha ya mtu anayepanda jukwaani. Muuzaji alishuka ngazini akasoma kwa sauti: mia na thelathini na moja. Duka zima lilipiga makofi.

"Zamu yangu," alisema Fundi. Hakumsogelea, alifinya jicho moja tu. "Kiuno sentimita sabini na mbili. Mkono hamsini na nane. Na bega la kushoto limeshuka kidogo. Unabeba mkoba upande huo."

Nyumbani Daktari alijipima. Sabini na mbili. Hamsini na nane. Bega halikupimika na mtu mmoja, kwa hiyo alilazimika kumpigia Fundi simu, kwa namba aliyomwandikia kwenye koni ya uzi.

Alikuwa na miaka kumi na minne ya masomo na kazi nyuma yake. Mitano ya udaktari. Mmoja wa mafunzo ya vitendo, ambao alilala zaidi kwenye viti kuliko kitandani. Mmoja wa kutibu chochote kilichoingia mlangoni. Mitano ya upasuaji wa jumla. Na sasa alikuwa katika mwaka wa pili wa upasuaji wa unene kwa matundu madogo. Tumbo la mgonjwa linajazwa gesi mpaka linainuka kama hema. Yanatobolewa matundu matano, na hata kubwa kuliko yote halizidi upana wa kidole gumba. Moja linaingiza kamera, mengine vyombo virefu vyembamba. Daktari, macho yake yakiwa kwenye skrini, anakata mfuko wa chakula na kuubana kwa pini ndogo za chuma mpaka unabaki na umbo la ndizi. Ndiyo maana ya maganda.

Mezani kwake palikuwa na kisanduku cha plastiki chenye matundu na kamera ndani. Ndani ya kisanduku hicho alihamisha maharage hamsini kila jioni kwa koleo refu, kutoka bakuli hadi bakuli, akijipima kwa saa.

"Haya maharage yamekukosea nini?" Fundi aliuliza siku ya kwanza alipokaribishwa.

"Jaribu."

Harage la kwanza liliruka likampiga usoni. La pili lilipotea na halijaonekana mpaka leo. Lakini ulipofika wakati wa kufunga fundo la uzi ndani ya kisanduku, akitazama skrini tu, mikono ile minene ilitulia kama ya mtu anayevisha mtoto. Dakika nne na sekunde kumi. Daktari mwenyewe alihitaji miezi mitatu kufikia hapo. Alisikia wivu, kisha akasikia kitu kingine ambacho hakukiwekea jina, maana hakuwa na kipimo chake.

Basi wakawa wapenzi, kila mmoja kwa namna yake. Fundi alimwita asali, malaika, tunda, roho yangu. Yeye alimwita Fundi.

"Haloo, asali wangu."

"Asali ni sukari tupu."

"Basi nikuite nani?"

"Daktari. Nimelisomea."

"Haya, Daktari wa moyo wangu."

"Moyo una mtaalamu wake, ghorofa ya tatu. Umekula?"

Mchana walikula pamoja kwenye mgahawa ulio mkabala na hospitali. Fundi alikula kwa furaha na yeye alimtazama kwa furaha, na akili ya Fundi ikautafsiri mtazamo ule vibaya, maana kila akitazamwa aliona tarakimu tatu zikitokea kichwani mwa mpenzi wake. Hakusema neno. Miezi sita ilipita hivyo.

Ili ahitimu, Daktari alitakiwa aongoze upasuaji hamsini. Arobaini na tisa alishaumaliza. Wa hamsini ndio uliokuwa mtihani wenyewe: angeufanya mbele ya mtahini wa kutoka nje, mzee mmoja aliyekuja mara moja tu kwa mwaka. Na mtihani ulikuwa na desturi yake. Mgonjwa huchaguliwa na Profesa, huandaliwa na mshauri wa lishe, na mtahiniwa haonyeshwi hata faili mpaka asubuhi ya siku iliyotangulia, asije akakariri.

"Jumatano ya mwisho wa mwezi nina mtihani," Daktari alisema kwenye simu. "Nitafungiwa ndani tangu asubuhi. Nikiukosa, ni mpaka mwakani."

"Jumatano siku nzima?" Sauti ya Fundi ilichangamka ajabu. "Hutatoka kabisa?"

"Sitatoka. Mbona umefurahi?"

"Nakuombea tu, malaika."

Mambo yalianza kwenda kombo wiki mbili kabla ya siku hiyo.

"Fundi, twende tukale."

"Nimeshiba, tunda."

"Saa sita na nusu umeshiba nini?"

"Nimeshiba mawazo yako."

Jumatatu alishiba. Jumanne alishiba. Alhamisi alikuwa na mteja wa haraka, Ijumaa jino. Akipita kumsalimia alikuwa mnyonge, anajibu mkato, na midomo yake ilinukia vanila. Suruali ilianza kumpwaya. Siku moja Daktari alisimama kwenye dirisha la ghorofa ya pili, akamwona mpenzi wake anatoka ofisi ya mshauri wa lishe, mwanamke mchangamfu mwenye sketi za maua na vicheko vya bure. Fundi alibeba mfuko. Yule mwanamke alimpigapiga tumboni, wote wawili wakacheka.

Daktari alichukua simu.

"Uko wapi?"

"Niko dukani, asali, nakata kitambaa." Alikuwa kwenye maegesho, anafungua mlango wa gari.

"Kitambaa gani?"

"Cha... cha mistari."

"Kata vizuri," alisema, akakata yeye.

Alimfuata mshauri wa lishe. "Yule mwanamume aliyetoka hapa ni nani?"

Mshauri wa lishe alishtuka. Habari ya mgonjwa ni siri, na habari ya mgonjwa wa mtihani, kwa mtahiniwa, ni siri mara mbili. Akasema kilichomjia kwanza mdomoni. "Yule? Ah, yule ni mtu wangu tu."

"Wako kivipi?"

"Wangu tu, Daktari. Wangu wa kawaida."

Nyumbani Daktari alichukua karatasi, akapanga ushahidi. Chakula cha mchana kimekataliwa mara saba. Uongo uliothibitishwa kwa macho, mmoja. Harufu ya vanila, inayolingana na mafuta ya midomo ya kike. Kupungua uzito ghafla, kilo tano hadi sita. Mwanamume mzima, aliandika, hupungua hivyo kwa ugonjwa au kwa mwanamke mpya. Na ugonjwa haukumchekesha mtu kwenye maegesho. Akapiga mstari chini ya hitimisho, akazima simu.

Ikumbukwe kwamba huyu alishawaandikia wagonjwa arobaini na tisa, kwa mkono wake mwenyewe, wiki mbili za vinywaji vya protini vya vanila bila chakula kingine, ili ini lisinyae na kamera ipate njia. Kwa siku hizo kumi na nne wote walikuwa wanyonge, walijibu mkato, suruali zikawapwaya. Angeonyeshwa dalili zile kwenye karatasi ya mtihani, angezitambua kabla swali halijaisha.

Jumanne saa mbili asubuhi waliketi wanne katika chumba cha mikutano: Profesa, mwanamke wa miaka sitini asiyepoteza maneno; mtahini wa nje, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani; mshauri wa lishe, aliyekwepa macho ya kila mtu; na Daktari, koti jeupe, nywele zimebanwa nyuma, hajalala vizuri siku sita.

"Tusomee," alisema Profesa, akamsukumia faili.

"Mgonjwa mwanamume, miaka thelathini na minane. Urefu, mita moja na sentimita sabini na nane. Uzito siku ya kwanza, kilo mia na thelathini na moja. Uzito wa jana, mia na ishirini na tano. Sukari imeanza kupanda. Kazi..." Aliurudia mstari kwa kidole. "Kazi, fundi cherehani."

"Mafundi ni wengi. Endelea."

Chini ya ukurasa palikuwa na swali ambalo kila mgonjwa hujibu kwa mwandiko wake: kwa nini unataka upasuaji huu? Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa za chaki, za mtu aliyezoea kuandika juu ya kitambaa. *Kuna mtu alinikisia kilo kwa macho akapatia. Nataka siku moja akosee.*

Daktari alisoma mara mbili. Chumbani humo hakuna aliyejua kitu. Angenyamaza, kesho angeingia, angefanya kazi ambayo mikono yake iliijua, na saa sita mchana angetoka amehitimu. Miaka kumi na minne ingekuwa imekwisha. Alilisukuma faili mpaka katikati ya meza. 

"Siwezi kumpasua huyu," alisema.

Profesa aliinua macho. "Sababu?"

"Kuna uhusiano."

"Ndugu yako?"

"Hapana."

"Jirani?"

"Hapana."

"Daktari, kanuni inataka uhusiano utajwe. Siwezi kuandika 'kuna'."

"Nampenda."

Kalamu ya mshauri wa lishe ilianguka. "Kumbe! Ndiyo maana uliniangalia kama mwizi!"

Mtahini alivaa miwani yake, akavutiwa. "Na yeye anakupenda?"

"Ushahidi wa wiki mbili zilizopita ulionyesha hapana," Daktari alijibu. "Nimegundua sasa hivi kwamba niliusoma vibaya."

"Hakuna mgonjwa mwingine aliyeandaliwa," alisema Profesa. Sauti yake haikubadilika, ila alilifunga faili taratibu kuliko kawaida yake. "Unajua maana yake."

"Mpaka mwakani."

"Mpaka mwakani. Kesho nitamfanya mwenyewe, kama atataka."

Fundi alikuwa wodini, kitanda cha karibu na dirisha, ndani ya gauni la hospitali lililokataa kukutana mgongoni. Alikuwa amelishika kwa nyuma na kumweleza muuguzi jinsi mshono wa bega ulivyokosewa. Alipomwona Daktari akiingia, alijivutia shuka mpaka kidevuni.

"Wewe! Si unajiandaa na mtihani?"

"Mtihani ni kesho. Mtihani ulikuwa wewe."

"Mimi? Mtihani si karatasi? Si mnakaa kwenye madawati, kuna msimamizi..."

"Fundi, mtihani wa kupasua unafanyika kwa kupasua."

Fundi alishika kichwa. "Mungu wangu. Nimechagua siku hiyo makusudi ili usiwepo! Nilitaka nikutokee baadaye, mwembamba, ushangae. Kwa hiyo utanipasua wewe?"

"Hapana. Nimekataa. Nimesema mbele ya watu watatu kwamba nakupenda, na imeandikwa kwenye faili lako."

Muuguzi alianza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Hujawahi kuniambia mimi," Fundi alisema.

"Nakwambia. Na nilidhani unaye yule mwenye sketi za maua."

"Yule? Yule ananinyima chakula! Nani anampenda anayemnyima chakula?"

"Mbona mlikuwa mnacheka?"

"Alisema tumbo langu linaongea kuliko mimi." Alishusha shuka kidogo. "Lakini wewe ndiye uliyeanza. Uliniuliza kilo kabla ya jina."

"Namuuliza kila mtu! Nimemuuliza dereva wa teksi. Nimemuuliza Profesa, siku ya usaili."

"Alikujibu?"

"Alinipa nafasi." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Sikiliza. Nikikutazama unakula, sihesabu. Ni muda pekee kwa siku nzima ambao sihesabu. Kama upasuaji huu ni kwa ajili yangu, vaa suti yako twende. Kama ni kwa ajili yako, kama daktari nakwambia unafaa: uzito unaruhusu, sukari inapanda, na Profesa ana mikono mizuri kuliko yangu. Lakini uamue wewe."

Fundi alikuna shavu.

"Kuna goti," alisema mwishowe.

"Goti lipi?"

"La kulia. Mwaka wa pili sasa siwezi kukanyaga cherehani. Natumia ya umeme, nawaambia watu ni maendeleo."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza goti. Uliuliza kilo."

Daktari alilivuta shuka pembeni. Aliinama akaanza kulipapasa goti lile, na macho yake yalikuwa na maji, ingawa angeulizwa angesema ni dawa ya kusafishia sakafu.

"Nitabaki," Fundi alisema. "Kwa ajili ya goti na sukari. Wewe nitakupenda hata nikiwa mzima."

Jumatano asubuhi, badala ya kuingia kwa mlango wa wapasuaji, Daktari alikaa kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa. Hakuwahi kulikalia. Lilikuwa gumu, na kutoka pale hakuna skrini iliyoonekana. Pembeni yake aliketi mama mmoja mnene wa kitenge na mkoba mkubwa mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepima watu kwa macho?"

"Ndiye, mama."

"Basi usiniangalie."

Akaangalia ukutani. Baada ya dakika kumi muuguzi alipita. "Sista, vipi huko ndani?"

"Vizuri, Daktari."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri tu."

Miaka mingi aliwajibu ndugu za watu hivyohivyo, "vizuri tu", akadhani amejibu. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mwanangu, tulia," alisema mama yake Fundi. "Au kuna jambo unalijua ambalo mimi silijui?"

"Najua kila kinachoweza kuharibika, mama. Kwa asilimia."

"Ndiyo maana umekonda." Mama aliufungua mkoba, akampa biskuti. Alikula, akaomba nyingine.

Baada ya muda wa saa moja na dakika ishirini, Profesa alitokea, barakoa shingoni. Daktari alimrukia. "Ini lilikuwaje? Mstari wa pini umetoa damu? Mmepima uvujaji?"

"Kaa chini, ndugu wa mgonjwa," alisema Profesa. Kisha, baada ya kuhakikisha amekaa: "Hakuna uvujaji. Ni mzima. Na kabla ya dawa ya usingizi alikosoa mshono wa koti langu."

Alasiri Fundi alikuwa ameshatembezwa hatua ishirini wodini, amerudishwa kitandani, anapepesa macho. Mama yake alikaa upande mmoja, Daktari upande wa pili.

"Nilitaka nikuombe jambo," alisema Fundi kwa sauti ya kukwaruza, "lakini nimepiga hesabu nikaona haliwezekani mpaka mwaka na nusu upite."

"Jambo gani?"

"Ndoa."

Mama yake alikohoa, akageukia dirishani.

"Kwa nini mwaka na nusu?"

"Suti. Nitakuwa napungua kila wiki. Fundi mzima niende kuoa na suti inayoning'inia, wateja wangu wote wananitazama? Nishone kiuno kipi?"

"Cha leo."

"Cha leo kina gesi."

"Gesi hunyonywa na mwili siku chache tu. Nitatoa sentimita tatu."

"Tatu kwa ushahidi gani?"

"Wagonjwa arobaini na tisa."

"Subiri kidogo tu, malaika, upate bwana harusi mwembamba."

"Sikuagiza mwembamba. Nimeshapewa jambo moja la kusubiri mwaka mzima. La pili silipokei. Mama, una tepu yake?"

Mama alikuwa nayo mkobani. Mwanawe hakuwahi kwenda popote bila tepu. Daktari aliipitisha chini ya mgongo taratibu, akazikwepa plasta zote tano, akaikutanisha juu ya kitovu.

"Umekaza," alilalamika Fundi.

"Usinifundishe tumbo."

"Usinifundishe tepu. Legeza kidole kimoja. Hapo. Andika."

Akaandika.

Walioana wiki ya saba baada ya upasuaji. Mwaka uliofuata mtahini alirudi, Daktari akamfanya mgonjwa mwingine kwa saa moja na dakika kumi na tano, akahitimu. Suti ya harusi ilikuwa ya bluu nzito, mshono hauonekani, kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Ila kufikia siku ya harusi mwenyewe alikuwa ameshapungua kilo kumi na tano zaidi, na mkanda aliusahau nyumbani kwa haraka. Katika picha zote mkono wake mmoja umemshika bibi harusi, na mwingine umeshika suruali.